Nani Alikuwa Ameshika Fimbo?

Kabla ya kumpima samaki yeyote, aliipima mizani yenyewe. Alikuwa na jiwe la chuma la ratili tano, limeviringishwa katika kitambaa cha flana. Hata kama samaki aliyeletwa alikuwa mdogo kama kiganja, na hata kama aliyemvua alikuwa amesimama hapo akimpulizia moshi wa sigara usoni, yeye alikifungua kitambaa polepole, akalitundika jiwe, akangoja mshale utulie, akalishusha, akaliviringisha tena. Ndipo aliposema, "Haya, lete."

Sisi wafanyakazi tulimwita Mpima. Wazungu wenye klabu walimwita "karani" wakiwa wamefurahi na "wewe" wakiwa wamekasirika. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua baadaye sana, na sitaliandika hapa. Alishaandikwa vya kutosha na watu wasiomjua.

Klabu yenyewe ilikuwa kando ya bwawa kubwa katikati ya mashamba ya kahawa, ukitoka Ruiru kuelekea Thika. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Sisi Wakikuyu hatukuweza kwenda hata kumjulia hali mgonjwa bila karatasi ya ruhusa, lakini Jumamosi na Jumapili magari yalifika bwawani kama kawaida. Wakulima, mabwana wa viwanda na maofisa walishuka na fimbo zao za kuvulia, kofia zao na chupa zao. Ilinichukua muda kuelewa kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Watu wazima walioshiba walikuwa wakivua samaki kwa mchezo, kisha wakigombana kuhusu ukubwa wake. Samaki waliyemtaka alikuwa na mdomo mpana kupita kiasi, nasi tulimwita Mdomo tu. Kila aliyevuliwa alipimwa na kuandikwa katika kitabu kikubwa chenye jalada la kijani. Mwisho wa mwaka, aliyevua mkubwa kuliko wote aliandikwa jina lake kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa mbao uliotundikwa barazani.

Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba na kutoa matumbo. Meza yangu ya saruji ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye mizani, chini ya paa la mabati, ikitazama maji. Baba alikufa mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, na mama hakumaliza mwaka baada yake. Mimi ndiye mkubwa wa wanne. Niliacha shule darasa la nne nikachukua kisu, na wale watatu wakabaki na vitabu. Nasema haya ili ujue ni nini kilichokuwa juu ya ile meza kila Jumamosi mbali na samaki.

Mpima alijua. Tangu wiki ya kwanza aliponiuliza nani ananingoja nyumbani, aliacha kuniita "msichana" akaanza kuniita "mama", na nilikuwa na miaka kumi na saba.

Alitoka upande wa magharibi. Kwa sababu hiyo kila mtu alidhani ni mtu wa ziwani aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Kumbe kwao ni milimani, na maji aliyaogopa kama moto. Kwa miaka yote niliyokuwa naye sikumwona akishuka hadi ukingoni. Samaki aliletewa. Mtu akimwita aje ayaone maajabu fulani huko chini, alisema, "Maajabu yakikufa, niletee."

Nyama ya samaki pia hakuila. Nilimuuliza sababu.

"Siwezi kula kitu nilichokiandika," akasema.

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe sijamwandika bado."

Kwa mdomo alikuwa mwongo wa kutupwa. Aliniambia alipigana vita Burma na kuvuka mto akiwa amebeba ofisa mgongoni. Wiki iliyofuata aliniambia hajawahi kuvuka Nakuru. Watoto wake walikuwa wanne, kisha sita, kisha watano.

"Mzee, jana ulisema sita."

"Jana walikuwa sita."

Lakini akikaa kwenye kile kiti chake na kulowesha kalamu, alikuwa mtu mwingine. Aliandika urefu, uzito, aina ya chambo, saa, hali ya hewa. Kama mvua ilianza samaki akiwa amekwisha vuliwa lakini hajapimwa, aliandika hivyo. Samaki mkubwa alimlaza juu ya karatasi ya kaki akamzungushia penseli pande zote, hata mapezi, ili kesho asije mtu akasema alikuwa mrefu zaidi. Karatasi hizo zilijaa sanduku zima. Ukizitazama ungedhani ni viraka vya fundi cherehani aliyepotewa na akili.

Sheria alizozifuata hakuzitunga yeye. Walizitunga wenye klabu wenyewe, kwa sababu hawakuaminiana. Hilo nalisisitiza, maana baadaye walisema Mpima alikuwa na kiburi na alijipa mamlaka. Walikuwa wameibiana sana kabla ya kumweka yeye pale.

Siku moja aliletewa Mdomo mnene na bwana mmoja wa kiwanda cha Thika. Mpima akamshika samaki, akamminya tumbo kama mama anavyomminya mtoto mwenye gesi, na vipande vitatu vya risasi, zile za kuzamishia ndoano, vikadondoka mezani. Akavipanga mstari.

"Bwana," akasema kwa upole kabisa, "samaki wako amekula mzigo. Nipime pamoja ama mbalimbali?"

Yule bwana alicheka, akasema ulikuwa utani. Mpima naye akacheka. Kisha akaandika kitabuni uzito wa samaki, na chini yake, uzito wa risasi.

Usidhani basi alikuwa mtu laini kwetu sisi. Vichwa vya samaki nilikuwa na ruhusa kuvichukua. Siku moja, kaka yangu mdogo akiwa ametoka kuugua, nilificha samaki mzima chini ya vichwa. Mpima alinyoosha mkono kabla sijafika langoni.

"Huyo hajapimwa."

Nilimlilia. Nikamwambia nitafukuzwa, watoto watalala njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalifungua lile jiwe lake, akaipima mizani, akampima samaki. Ratili moja na wakia mbili. Akaandika uzito, na mahali pa jina akaandika: *amechukuliwa na msafishaji.* Kisha akamrudisha kikapuni mwangu na kunifunikia vichwa juu.

"Sasa nenda."

"Mzee, umeniandika!"

"Hawasomi kurasa za samaki wadogo. Lakini ametoka, mama. Aliyetoka huandikwa."

Kwa wiki nzima sikuongea naye. Jioni, hata hivyo, tuliondoka pamoja kama kawaida, tukashika njia ya Mugutha, maana kwenye kizuizi cha njiani askari walizoea kuwasumbua wasichana, na yeye alipenda kusimama mbele yangu na kuanza kuwasimulia habari za Burma mpaka wachoke watupitishe.

Kabla ya kuandika jina, kulikuwa na swali moja aliloliuliza kila mtu, kila samaki, na kwa sauti ile ile: "Nani alikuwa ameshika fimbo samaki alipouma?" Ilikuwa sheria yao namba mbili. Samaki ni wa mkono ulioshika fimbo alipouma na kukunja uzi mpaka mwisho. Mtu mwingine akiigusa fimbo, hesabu imeharibika. Na lazima awepo mtu mmoja aliyeona.

Sasa kulikuwa na mazoea pale bwawani. Jua likikaza, mabwana waliwaita madereva na watumishi wao. "Shika hii." Dereva anashika fimbo, bwana anapanda barazani kunywa. Samaki mdogo akiuma, dereva anamtoa, na Mpima akiuliza swali lake, bwana anajibu "Mimi," na shahidi ni bwana mwenzake aliyekuwa naye kwenye kiti cha pili. Mpima aliandika alichoambiwa. Niliwahi kumuuliza kama hilo halimchomi.

"Linanichoma," akasema. "Lakini mimi sikuona, na aliyeona hajasema."

Nilipaswa kuyasikia vizuri maneno hayo. Sikuyasikia mpaka Jumamosi moja ya kiangazi.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mkubwa, mwenye shingo nyekundu. Alikuja na dereva wake, Mkamba mmoja mpole. Baada ya chakula cha mchana akampa fimbo, akapanda barazani. Mimi nilikuwa mezani kwangu, uso kwenye maji. Fimbo ilipinda ghafla kama inataka kuvunjika. Dereva akapiga kelele, "Bwana! Bwana!" Barazani walikuwa wakicheka kisa fulani, migongo yao kwetu. Dereva akaita tena. Kisha akaacha kuita. Akaingia majini na viatu vyake, akawa anakunja, anaachia, anakunja, na midomo yake inasemasema kama mtu anayesali. Mwenyekiti alipoteremka na bilauri mkononi, samaki alikuwa tayari nyasini, akihema. Sijamwona mwingine kama yule.

Wakamleta kwa Mpima, klabu nzima nyuma yake. Mpima akalifungua jiwe. Akalitundika. Mwenyekiti akasema, "Upesi, upesi," na jiwe likatulia kwa wakati wake. Kisha samaki. Ratili sita na wakia tatu. Hakuna samaki katika kitabu kile aliyewahi kufika hapo. Wakapiga makofi, wakampiga mwenyekiti mgongoni.

Mpima akalowesha kalamu. "Nani alikuwa ameshika fimbo samaki alipouma?"

"Mimi. Andika."

Lakini suruali ya mwenyekiti ilikuwa kavu mpaka kwenye kisigino, na dereva alikuwa anadondosha maji mpaka kiunoni. Mpima aliwatazama wote wawili, kwanza mmoja, kisha mwingine.

"Bwana, nauliza tena."

"Fimbo iko yangu!"

"Fimbo ni yako, Bwana. Mimi nauliza mkono."

Mzungu mmoja akakohoa. Mpima akamgeukia dereva. "Wewe?"

"Andika Bwana, mzee," dereva akasema. "Mimi nilikuwa nashikilia tu."

"Ulikuwa unashikilia wakati samaki alipouma?"

"Mzee, tafadhali. Mimi niko na kazi."

"Sijakuuliza kazi."

Dereva akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nashikilia," akasema.

Mwenyekiti akageuka rangi. "Wewe nasema nini? Nani naona? Hakuna mtu naona!"

Hapo Mpima akainamisha kichwa, macho yake kwenye karatasi, akauliza swali la mwisho kama sheria ilivyotaka: "Kuna aliyeona?"

Wale wa barazani hawakuona, na walijua hawakuona. Mpima hakunitazama. Nilisimama hatua kumi kutoka kwake nikiwa na kisu mkononi, na hakunitazama kabisa. Nikawafikiria wale watatu. Nikafikiria debe la unga lililokuwa nyumbani na kiasi kilichobaki ndani yake. Nilijua neno lile moja lingegharimu nini, na sitaki mtu aseme nililisema kwa utoto au kwa kutojua. Nililisema kwa kujua.

"Mimi niliona," nikasema. "Ni dereva. Alishika yeye, akakunja yeye. Hakuna mwingine aliyegusa."

Mpima akaandika. Dereva hakujua kusoma, basi akachovya kidole gumba katika wino, akakiweka mahali pa jina lake. Mimi niliandika jina langu mahali pa shahidi, kwa herufi kubwa za darasa la nne, na nilihakikisha zinasomeka.

Mpima alifukuzwa kabla jua halijatua. Aliliviringisha lile jiwe kwenye flana yake, akaliweka katikati ya meza, akasema, "Hili ni la klabu," akaondoka bila kunung'unika wala kugeuka. Dereva alibaki na kazi yake, maana mwenyekiti hakuweza kuendesha gari akishakunywa. Hakunishukuru. Alinijia wiki iliyofuata, akaniuliza, "Dada, nilikukosea nini?" Jibu ninalo sasa: hukunikosea kitu, ulivua samaki.

Ungedhani wangechana ule ukurasa wakamaliza. Walitaka. Ila wale wenye klabu waliokuwa wamewahi kuibiwa na wenzao walikataa. Hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Waliogopa kwamba ukurasa mmoja ukichanwa leo, kesho utachanwa wao. Sheria yao ilisema mstari hauwezi kufutwa isipokuwa shahidi mwenyewe aondoe neno lake. Na mwisho wa mwaka ubao ule wa barazani ukabaki na nafasi. Jina la dereva hawakutaka kuliweka, na jina la mwingine hawakuweza. Mwaka ukaandikwa kwa dhahabu, na mbele yake hakuna kitu.

Basi wakaanza kuniita.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu ile ile. Mwenyekiti mwenyewe, na karatasi imeshaandikwa tayari. "Wewe iko msichana ya akili," akasema. "Jua ilikuwa kali. Macho nachoka. Hapana kosa yako." Nikiweka jina langu kwenye karatasi, nitapewa kiti cha Mpima na mshahara wake. Nilimwambia macho yangu hayakuchoka. Wiki hiyo kisu changu alipewa mwingine, nami nikatembea hadi Thika nikapata kazi ya kumenya mananasi kiwandani, mahali ambapo mikono huliwa na maji ya tunda mpaka ukucha unalegea.

Mara ya pili walimtuma mtu, miezi mingi baadaye. Safari hii ilikuwa shule. Wale wadogo zangu watatu wangesomeshwa mpaka mwisho. Hiyo ilikuwa ngumu, sidanganyi. Niliwatazama usiku wamelala kwenye kitanda kimoja, na nikajua kuwa naweza kuwanunulia kesho yao kwa kusema sikuona nilichoona. Asubuhi nikamrudishia yule mtu karatasi yake bila alama. Mdogo wangu anayenifuata, msichana, aliniuliza ilikuwa karatasi ya nini. Nikamwambia. Akasema, "Ningejua ada imetoka huko, ningeacha shule." Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mpima sikumwona kwa karibu miaka mitatu. Kisha siku moja mchana, karibu na stesheni ya Thika, nikamkuta amekaa juu ya gunia nje ya kinu cha kahawa, anakula hindi la kuchoma. Alikuwa amekonda, na mvi zimemvamia.

"Mama!" akasema, akasogea kunipa nafasi juu ya gunia. "Watoto?"

"Wazima, mzee. Na wako?"

"Saba."

Tukacheka. Alikuwa anapima magunia pale. Hakulalamika, ila alisema kahawa haina ubishi, na hilo lilimchosha. Nikamsimulia mambo ya karatasi mbili. Hakuwa na habari. Kadiri nilivyosimulia ndivyo alivyoacha kutafuna, mpaka akaliweka hindi chini.

"Mama, mimi ningekubali," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Watoto watatu, shule. Samaki mwenyewe alioza zamani. Ungetia sahihi. Ningekuwa wewe, ningetia siku ile ya kwanza."

"Wewe ulifukuzwa kwa ajili ya mstari ule!"

"Mimi nilikuwa nimeshazeeka pale. Wewe ulikuwa na midomo minne ya kulisha." Akashusha sauti. "Kwa nini unafikiri sikukutazama siku ile? Niliinama ili unyamaze. Ungenyamaza, ningeandika 'hakuna shahidi', wangeufuta mstari, ningefukuzwa peke yangu. Nilikuwa nimeshapanga kichwani. Ukafungua mdomo."

Nikapandwa na hasira niliyokuwa sijaisikia hata mbele ya mwenyekiti. Miaka mitatu nilidhani nilisimama naye. Kumbe yeye alinipangia nikae.

"Mzee," nikamwambia, "hukuniambia ninyamaze. Uliuliza kuna aliyeona. Ukitaka mtu anyamaze, usimuulize."

Akaliokota hindi lake, akalipuliza vumbi.

"Na wameniita tena," nikaendelea. "Jana. Mwenyekiti anahama, anarudi kwao, na anataka ubao ujazwe kabla hajaondoka. Nimetakiwa kufika Jumatatu. Safari hii wanasema nitaje mwenyewe ninachotaka."

Alinitazama. Alinitazama kweli, usoni, kwa muda mrefu, watu wakitupita na mizigo yao.

"Utataja nini?"

King'ora cha kiwanda chetu cha mananasi kikalia. Nikasimama nikakung'uta vumbi la kahawa kwenye sketi.

"Ratili sita na wakia tatu," nikasema. "Na jina la aliyemvua. Wakiniita mwaka kesho, nitataja hayo hayo."